Majina Kwanza: Jinsi ya Kuandaa Kumbukumbu ya Askari Waliokufa Vitani Katika Kaunti Ndogo Yenu

Uganda ina siku kadhaa ambazo askari waliokufa hutajwa. Tarehe 26 Januari ni Siku ya Ukombozi. Tarehe 6 Februari, ambayo wengi huiita Tarehe Sita hata wanapozungumza Kiganda au Kiingereza, ni siku ya jeshi, kwa kumbukumbu ya shambulio la kambi ya Kabamba mwaka 1981, lililoanzisha vita vya msituni. Tarehe 9 Juni ni Siku ya Mashujaa, iliyotokana na kuuawa kwa Edidian Luttamaguzi na wanakijiji wenzake huko Kikandwa, Semuto, mwaka huohuo. Kisha kuna Jumapili ya pili ya Novemba, ambayo nchi za Jumuiya ya Madola huwakumbuka waliokufa katika vita vikuu viwili.

Sherehe ya taifa hufanyika mahali pamoja. Mjane mwenye magoti yanayouma, aliye Koboko au Kapeeka, hatafika huko, na jina la mwanawe halitasomwa. Mwongozo huu ni wa kumbukumbu ndogo ya nyumbani: watu 150 hadi 250, saa mbili, chini ya mti au kwenye uwanja wa shule. Kama mnaweza kuchagua, chukueni tarehe 9 Juni. Ni sikukuu ya umma, shule huwa katika muhula wa pili hivyo wanafunzi wapo, na kusini mwa nchi masika yanakuwa yamepungua. Kaskazini mvua bado ipo wakati huo, kwa hiyo huko msikose hema.

Wiki ya nane kabla: kamati

Watu 7 wanatosha. Wawili wawe wafiwa wenyewe, kwa mfano mjane na yatima aliyekwisha kuwa mtu mzima. Waongezeni askari mstaafu mmoja, mwalimu mwenye mwandiko unaosomeka, imamu, kasisi au katekista, na mjumbe kutoka ofisi ya LC3, yaani baraza la kaunti ndogo. Mwenyekiti asiwe mtu anayegombea kiti chochote. Hata akiwa na nia safi, familia za upande wa pili zitabaki nyumbani, na orodha itapungua kabla haijaanza kuandikwa.

Nunueni daftari moja la jalada gumu, kurasa 200, na kalamu ya wino usiofutika kwa maji. Simu ipige picha za kurasa kila jioni, lakini daftari ndilo orodha yenyewe.

Wiki ya nane hadi ya nne: orodha ya majina

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Hema likivuja watu watasamehe. Jina likirukwa, au likisomwa vibaya mbele ya mama mzazi, hatasikia kitu kingine siku hiyo, na huenda asije tena.

Kila askari apewe ukurasa wake. Andikeni jina kamili kama familia inavyoliandika; jina alilotumia jeshini kama ni tofauti; namba ya jeshi (za siku hizi huanza na RA kwa askari wa kawaida na RO kwa maofisa); cheo; jeshi na kikosi; kijiji na jina la baba; mahali na mwaka wa kufa; na chini kabisa jina na sahihi au alama ya kidole ya ndugu aliyethibitisha. Namba ya jeshi isiachwe hata kama mnaona haina kazi. Waliotumia majina ya msituni ni wengi, na bila namba mtu mmoja huweza kusomwa mara mbili kama watu wawili. Kwenye orodha ya kusoma, jina la familia litangulie, kisha msomaji aseme "aliyejulikana jeshini kama...".

Anzeni kwa wenyeviti wa LC1, yaani mabaraza ya vijiji, wa vijiji vyote, kisha madaftari ya mazishi ya makanisa na misikiti, kisha askari wastaafu, ambao mara nyingi hukumbuka nani alilala karibu na nani handakini. Baada ya hapo ndipo mwende nyumbani kwa familia. Nendeni wawili: mama mtu mzima na askari mstaafu, naye asivae sare. Katika nyumba nyingi sare mlangoni ndiyo iliyoleta habari ya kifo. Msiulize "alikufaje?". Ulizeni "jina lake tulisomeje?", na mama alitamke mara mbili huku mkilirekodi kwa simu. Sauti hiyo ndiyo atakayofanyia mazoezi msomaji. Habari za kifo zikija, zitakuja zenyewe, na nyingi hazifai kuandikwa.

Waliokufa zamani wana njia yao. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure kwenye intaneti. Tafuteni kwa jina, kwa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza ambalo wazee wetu waliliita Keya, au kwa makaburi ya vita ya Jinja. Msishangae mkikosa jina. Baada ya vita ya kwanza, askari wengi Waafrika na wapagazi wa kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha kubeba mizigo) hawakupewa kaburi lenye jina. Waliwakilishwa kwa pamoja na sanamu zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1920. Tume yenyewe ilikiri kosa hilo katika ripoti ya mwaka 2021. Kwa hiyo jina lililobaki kwenye kumbukumbu ya ukoo lina uzito uleule na jina la karatasini. Mambo mawili yatawasaidia kupima tarehe. Vita ya kwanza upande wetu haikuisha tarehe 11 Novemba 1918: majeshi ya kamanda Mjerumani von Lettow-Vorbeck yalisalimu amri tarehe 25 Novemba huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, hivyo kifo cha kati ya tarehe hizo si kosa la mwandishi. Na familia ikisema babu alifia Burma, jueni kwamba Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Tarehe ya karibu na hapo inaaminika.

Sasa swali gumu: nani aingie? Katika kaunti ndogo moja mtakuta aliyekufa na Keya, aliyekufa na jeshi la Amin, aliyekufa na UNLA, jeshi la serikali baada ya Amin, aliyekufa na NRA, waasi wa Museveni, msituni, na kijana aliyekufa na UPDF, jeshi letu la sasa, huko Somalia, ambako majeshi yetu yalianza kwenda Machi 2007. Msimamo wetu ni kwamba kila aliyevaa sare ya jeshi la nchi au la ukombozi akafa kazini aandikwe, aliyepigwa risasi na aliyeugua kambini pia, na majina yapangwe kwa mwaka wa kufa bila neno la kusifu upande mmoja. Lakini katika pembetatu ya Luwero, ambako raia wengi waliuawa na askari, msiwachanganye wafu bila kuuliza walio hai. Raia wawe na orodha yao, nayo isomwe kwanza. Kama familia zao hazitaki kusikia majina ya UNLA kwenye uwanja uleule, jina la askari huyo lisomwe kanisani au msikitini kwa familia yake, saa nyingine, siku hiyohiyo. Jambo hili likiamuliwa wiki nne kabla, watu huelewana. Likiibuka siku yenyewe mbele ya kipaza sauti, mkutano unavunjika.

Kanuni mbili hazina msamaha. Msisome jina la askari ambaye jeshi halijaijulisha familia yake rasmi, hata kama mitandao imejaa picha zake. Na ambaye hajulikani alipo asiwekwe kati ya waliokufa: aandikwe ukurasa wa nyuma, na familia yake ikiomba, atajwe kwa sentensi yake peke yake, "ambaye bado tunamsubiri".

Mkimaliza, bandikeni orodha kwa siku 14 kwenye ofisi ya LC3, kanisani, msikitini na kituo cha bodaboda. Marekebisho yataletwa, na mengi yatakuwa ya kweli.

Barua

Wiki tatu kabla, pelekeni barua tano zinazofanana: kwa RDC (mwakilishi wa Rais wilayani), mkuu wa polisi wa wilaya, LC3, mwenye uwanja, na kambi ya jeshi iliyo karibu kama mnataka mpiga buruji au askari wa heshima. Katika kila nakala muwe na tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu na namba za simu mbili. Mpokeaji agonge muhuri kwenye nakala yenu. Barua isiyo na muhuri ni kama haikupelekwa.

Kwenye tangazo andikeni wazi kwamba raia asivae kitu chochote chenye mabaka ya jeshi wala bereti nyekundu. Hizo ni sare za jeshi kisheria, na kijana aliyevaa kwa kumheshimu baba yake anaweza kulala kituoni. Nishani ni jambo jingine: mwenye nishani yake huivaa kifuani upande wa kushoto, mjane au mtoto anayevaa ya marehemu huiweka upande wa kulia, na kila askari atakayemwona ataelewa.

Makaburi: siku 10 kabla

Kata nyasi siku 10 kabla, si siku moja, ili vishina vipate kuchipua na uwanja uonekane kijani. Msichome moto. Moto huunguza misalaba ya mbao na kupasua saruji. Msing'oe masale wala mti wowote uliosimama peke yake karibu na kaburi kabla ya kumuuliza mzee wa ukoo. Kwenye makaburi ya zamani mmea huo ndio alama pekee iliyobaki. Kama kaburi liko kwenye kibanja cha mtu mwingine, mwenye kibanja aombwe na familia, si na kamati.

Jiwe la kaburi lisafishwe kwa maji na brashi laini ya kufulia. Jiki, sabuni ya unga na brashi ya waya hula maandishi. Kaburi la saruji lipakwe chokaa: kilo 1 ya chokaa kwa lita 2 za maji, ilale usiku mmoja, ichujwe kwa kitambaa. Lowesheni saruji kwanza, kisha pakeni mikono miwili myembamba na saa 24 katikati yake. Mkono mmoja mzito hukauka juu ukabaki mbichi ndani, na baada ya wiki unabanduka kama ganda la yai. Makaburi yaliyo chini ya Tume ya Jumuiya ya Madola yana watunzaji wake. Huko msipake chochote.

Mkikuta chuma chenye umbo la chupa au yai, au risasi nyingi pamoja, simameni, wekeni tawi umbali wa hatua 50, na mwite polisi. Mifupa ikionekana, ifunikwe kwa shuka au lubugo (kitambaa cha gome la mti) bila kuhamishwa, na LC1 na polisi waitwe.

Ubao wa majina

Bango la kuchapisha hufifia kwa jua ndani ya mwaka mmoja au miwili, na jina lililofifia linaumiza. Kwa majina 40, tumieni bati nene au ubao wa saruji wa mita 1.2 kwa 1.2, safu mbili za mistari 20, herufi za sentimita 2.5, mtu ataisoma akiwa hatua 7 au 8. Kwa waliokufa mwaka mmoja, majina yafuate alfabeti, si vyeo. Praiveti na Meja waandikwe kwa herufi za ukubwa mmoja. Acheni mistari 10 mitupu chini. Rangi ya mafuta, mikono miwili, na kabla ya fundi kuondoka ndugu mmoja wa kila familia aje akague jina lake.

Shada

Shada moja la pamoja linatosha, la upana wa sentimita 60. Chukueni waya mnene mita 4, upindeni mara mbili kuwa duara, fungeni mahali panne. Zungusheni majani makavu ya mgomba yaliyoloweshwa dakika 10 mpaka duara liwe nene kama mkono wa mtoto. Chomekeni vikonyo vya saiprasi vya urefu wa kiganja, vyote vikielekea upande mmoja, vinavyopandana kama vigae. Vitahitajika 70 hivi. Maua yaingie mwisho: maua ya manjano ya porini, waridi, au daisi. Bogenvilia inapendeza ikiwa mtini, lakini ikikatwa inanyauka kabla ya saa sita. Tengenezeni jioni ya kuamkia siku hiyo, lilale kivulini chini ya gunia bichi. Msifunge utepe wenye jina la kampuni au chama.

Watoto wawili waliofiwa walibebe, na mjane mkongwe kuliko wote aliweke. Mgeni rasmi afuate nyuma yake.

Bendera

Bendera ina milia sita: nyeusi, manjano, nyekundu, tena nyeusi, manjano, nyekundu. Nyeusi iko juu. Mkiona nyekundu juu, imepinduliwa. Korongo taji aliye katika duara jeupe hutazama mlingoti. Kwa mlingoti wa mita 6, bendera ya mita 1.5 kwa 1 inakaa vizuri.

Kupeperusha nusu mlingoti kwa siku nzima ni amri ya serikali, kijiji hakijiamulii. Amri ikiwapo, bendera ipandishwe mpaka juu kabisa kwanza, itulie, kisha ishushwe mpaka nafasi iliyo juu yake itoshe kimo cha bendera moja au zaidi. Jioni ipandishwe tena juu ndipo ishushwe yote. Jaribuni kamba na roda siku moja kabla, kwa sababu kamba kavu hukwama nusu ya njia mbele ya watu wote, na hakuna heshima katika kuivuta kwa nguvu.

Siku yenyewe

Viti vya mbele ni vya wafiwa. Andikeni majina yao kwenye viti, na vijana wawili wavilinde tangu saa 2 asubuhi, kwa kuwa waheshimiwa huja na watu ambao hawakutarajiwa, nao hukaa penye kivuli. Viti vya wageni viwe upande wa kulia, pembeni.

Saa 3:00 wafiwa wanapokewa kwa chai. Saa 4:00 wimbo wa taifa na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, watu wote wakiwa wima. Dua ya Waislamu na sala ya Wakristo, dakika 3 kila moja, bila mahubiri. Kisha majina, mara moja, kabla ya hotuba yoyote. Hotuba zikitangulia, majina husomwa saa 8 mchana na mtu mwenye haraka, wakati wazee wamekwisha kuondoka. Ikiwa ni Ijumaa, malizeni kabla ya saa 6:30.

Jina moja huchukua sekunde 7 pamoja na kituo chake: jina, cheo, kijiji, mwaka. Majina 40 ni karibu dakika 5. Yakizidi 50, tumieni wasomaji wawili au watatu, na majina ya Kilugbara yasomwe na Mlugbara, ya Kiacholi na Mwacholi. Mazoezi yawe matatu, moja likifanyika uwanjani na kipaza sauti. Familia iliyo tayari husimama jina likitajwa, isiyotaka isishurutishwe.

Neno kuhusu lugha. Kiswahili ni lugha ya jeshi letu, na kwa askari wastaafu ndiyo lugha ya wenzao waliokufa. Lakini kwa baadhi ya wazee wa Luwero na kwingineko, Kiswahili ni sauti iliyowaamuru walale kifudifudi. Fungueni kwa lugha ya mahali hapo, Kiswahili kifuate, na salamu za kijeshi zenye ukali ziachwe kambini. Tunaipenda lugha hii, na ndiyo sababu tunaomba iingie kwa upole.

Baada ya majina, buruji. Mpigaji apige mlio wa kuaga, kisha kimya cha dakika 2, kisha mlio wa kuamka. Asipopatikana, ngoma moja kubwa ipigwe pigo moja mwanzoni na moja mwishoni. Sisi tunaona inatosha kabisa. Mkipiga mlio huo kutoka simuni, simu iwekwe katika hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga katikati. Jenereta lizimwe kabla, kwa hiyo spika ziwe na betri. Vijana wawili wasimame barabarani, mmoja kila upande, mita 100 kutoka uwanjani, wawaombe bodaboda wazime injini. Mtu mmoja ashike saa. Anayeongoza shughuli akiachiwa akisie, dakika 2 hugeuka kuwa sekunde 20.

Shada linawekwa wakati wa kimya kumalizika. Hotuba ziwe mbili: mfiwa dakika 5, mgeni rasmi dakika 7. Mwambieni mgeni mapema, kwa barua, kwamba asitoe ahadi ya fedha au mafao. Badala yake wekeni meza pembeni yenye mtu anayejua taratibu, aeleze hatua za kudai mafao ya marehemu: barua ya LC1, cheti cha kifo cha NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili), cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, na barua ya usimamizi kutoka mahakamani. Wajane wengi hukwama hatua ya tatu kwa kutoelezwa kwamba ipo.

Kwa watu 200 andaeni maji ya kunywa jerikeni 5 za lita 20, chai lita 60, sukari kilo 5 na maandazi 300. Ikiangukia Ramadhani, mafungu ya wafungao yafungwe wapewe waende nayo. Vyoo visipungue vinne, kimoja kikiwa karibu na viti vya wazee.

Wiki inayofuata

Shada libaki siku 7, kisha lizikwe au liunguzwe mbali na makaburi. Lisiachwe likaoza juu ya jina la mtu. Kamati ikutane ndani ya siku 3, wakati makosa bado yanakumbukwa, na kila jina lililosomwa vibaya liandikwe kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wake pamoja na matamshi sahihi. Familia iliyokosewa itembelewe nyumbani na msomaji mwenyewe aombe radhi.

Nakala tatu za orodha zitoke: moja ofisi ya LC3, moja shuleni, moja kwa familia itakayochaguliwa na wafiwa. Daftari lenyewe lifungwe ndani ya mfuko wa nailoni na kuwekwa mahali ambapo mchwa hawafiki, yaani si sakafuni wala kwenye rafu ya mbao iliyogusa ukuta wa udongo, na mwalimu na mjane mmoja wawe na ufunguo.